Kivuli Chini ya Kijani

Mwaka 1903 jarida la The Strand la London lilichapa hadithi ya H. G. Wells kuhusu mashine kubwa za chuma zinazotambaa juu ya mahandaki, na watu waliomo mahandakini hawana la kuzifanya. Miaka kumi baadaye, 1913, Wells huyo huyo akatoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kucheza vita sakafuni kwa askari wa bati na mizinga midogo ya springi irushayo vijiti vya mbao. Ukikisoma hadi mwisho unamkuta mtu wa amani: anayetaka vita na apewe hivi vidogo, acheze mpaka achoke, dunia ibaki salama. Mwaka uliofuata Ulaya iliingia vitani. Tarehe 15 Septemba 1916, kati ya Flers na Courcelette katika mapigano ya Somme, mashine alizozibuni kwa kalamu zilitambaa kweli. Basi mtu mmoja aliota kifaru na pia akauwekea msingi mchezo wa vita vya mezani, na leo ndoto hizo mbili zinakutana jioni kwenye meza za watu wazima wenye kazi zao na watoto wao, wanaoinamia kifaru cha plastiki kinachoenea kiganjani na kukipaka rangi kwa saa nyingi.

Kuna anayewacheka. Ni haki yake, maana kwa mbali jambo lenyewe linachekesha. Lakini mambo ambayo watu huyafanya bila kulipwa, bila kulazimishwa na bila matumaini ya kusifiwa, husema habari zao waziwazi kuliko yale wanayolipwa kuyafanya. Na katika kazi hii ya kupaka kifaru kidogo ipo hatua moja ambayo, kila nikiitafakari, naona inauliza maswali makubwa kuliko kitu chenyewe. Ni hatua ya kupaka kivuli kabla ya kupaka rangi.

Chukua Sherman, kifaru cha Marekani ambacho viwanda vyake viliunda karibu 50,000 kati ya 1942 na 1945. Cha kweli kilikaribia mita 6 kwa urefu na kilipita tani 30 kwa uzito. Wachezaji wa Bolt Action, mchezo wa Vita vya Pili vya Dunia uliotolewa 2012 na kampuni ya Warlord Games ya Nottingham, Uingereza, hukitumia katika kipimo cha 1/56, na hapo kinashuka hadi sentimita kumi na kidogo. Vipimo hivi, tukiwa hapo hapo, vina historia za ajabu. Kile cha 1/35, kipenzi cha wanaounda modeli za kuweka kabatini, kilianzia kwa kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitaka kifaru cha Panther chenye nafasi ya kutosha mota na betri ndani. Wahandisi walipima betri, kifaru kikafuata, na kampuni nyingine zikafuata kifaru.

Kila kilichomo katika Sherman hupunguzwa mara 56: minyororo, magurudumu, vifuniko, mzinga, hata vyuma vya kushikia wakati wa kupanda. Kitu kimoja tu hakipunguziki, nacho ni nuru. Mwanga unaoingia dirishani na kuiangukia modeli ni uleule ulioviangukia vifaru vya kweli katika mashamba ya Normandy, na hauna toleo dogo. Pale ambapo kifaru cha kweli kina kiza, chini ya mnara wa mzinga, kati ya magurudumu, nyuma ya ngao za pembeni, modeli ina vijishimo vifupi ambavyo taa ya chumbani huvijaza bila taabu. Ndiyo maana modeli iliyopakwa kijani sahihi kabisa, kijani kilichochunguzwa katika kumbukumbu za jeshi, huonekana bapa. Jicho linaiona na kujua papo hapo kuwa haina hata tani moja kati ya zile 30. Rangi ni ya kweli, na bado kitu kizima ni uongo.

Mpakaji anabaki na njia moja: kivuli ambacho nuru imekataa kukileta akilete yeye mwenyewe.

Lakini kabla ya kivuli kuna praima, yaani rangi ya msingi, na kabla ya praima kuna kuosha. Sehemu za plastiki hutoka katika kalibu zikiwa na utelezi, na zile za resini huwa na utelezi zaidi, kwa hiyo huogeshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, zikasuguliwa kwa mswaki mzee na kuachwa zikauke. Mishono iliyoachwa na kalibu huparuzwa kwa kisu na kulainishwa kwa msasa. Kisha ndipo hupulizwa praima, ambayo mafundi rangi wa gereji zetu huiita undakoti. Hao hawahitaji mahubiri ya mtu yeyote. Wanajua kuwa gari lililopigwa rangi juu ya bodi isiyopigwa msasa litang'aa siku ya kukabidhiwa na kubanduka masika ikianza, na wanajua pia kuwa mwenye gari hailipii undakoti kwa furaha, kwa sababu hataiona.

Sisi tuliolelewa na methali ya haraka haraka haina baraka tungedhani kuwa kazi hii ya kupuliza inautaka mkono wa polepole. Sivyo. Mkono wa polepole ndio unaoharibu: rangi hujaa mahali pamoja, hutiririka, huzifunika ribiti na kuziba mistari ambayo mchongaji wa kalibu aliihangaikia. Kopo la praima hushikwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, mpulizo ukaanzia nje ya modeli, ukapita juu yake upesi na kuishia nje upande wa pili. Tabaka huwa jembamba kiasi kwamba la kwanza halifuniki kitu. Mtu anaona plastiki bado inachungulia, anatamani kuongeza, na hapo ndipo anapopimwa, kwa sababu linalotakiwa kwa wakati huo ni kuweka kopo chini na kuondoka. Wengi wanaoitafakari subira huitazama katika kutenda, mtu ametulia juu ya kazi yake, mkono haumtetemeki. Ipo na subira ya kutogusa, na kwa watu hodari wa kazi hiyo ndiyo ngumu zaidi, maana uhodari wao wote uko mikononi na mikono imeambiwa ikae. Siku yenye unyevu mwingi hewani, kama zilivyo siku nyingi za pwani yetu, hata kuanza si busara: rangi hukauka na ukungu mweupe juu yake, au chengachenga, na hakuna ufundi unaoweza kuibembeleza hali ya hewa.

Praima ikishakauka vizuri, na wengi huiachia saa 24, kivuli huingia. Mpakaji huchukua brashi ya hewa, kile kipulizio chembamba kinachoshikwa kama kalamu na kusukumwa na kompresa, akashusha mgandamizo hadi psi 15 au 20, kisha akafuata kwa rangi nyeusi au hudhurungi iliyokoza kila mahali ambapo kiza kingekaa: kwenye maungio ya mabati, kuzunguka vifuniko, chini ya mnara, katika matundu ya injini, kati ya magurudumu. Wengine hugeuza njia. Huanza na nyeusi kila mahali, halafu hupuliza kijivu au nyeupe kutoka juu tu, kana kwamba jua la saa sita limesimama juu ya kifaru, na kile ambacho jua halikukifikia hubaki cheusi. Kwa njia yoyote ile, kazi ikifika hapa huwa mbaya kuitazama. Ni mistari ya masizi juu ya kijivu, haieleweki, na mtu asiyejua akiingia chumbani atauliza kwa huruma kama kuna kitu kimemwagika.

Baada ya hapo kijani hupulizwa juu ya yote. Kinapulizwa chembamba, katikati ya kila bati kwanza, kisha kikasogezwa kuelekea kingo bila kuzifikia sawasawa, mpaka ule weusi wa chini uzame lakini usife. Mtazamaji hatauona kama weusi. Ataona tu kwamba kijani kina kina, kwamba bati hili linaonekana kukaa mbele ya lile, kwamba kitu hiki kidogo kina uzito. Akiulizwa kwa nini, hatajua. Na mpakaji akizidisha kijani kwa tabaka moja tu, kazi yote ya chini imekwenda. Hakuna kosa lililoonekana, hakuna kilichomwagika. Kimezidi tu kilicho kizuri.

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu kazi zisizoonekana, na kwa kawaida husifiwa kwa sababu hazionekani, kana kwamba kufichika kwenyewe ni fadhila. Sidhani. Msingi wa nyumba umefichika, na rushwa pia imefichika. Ninachokiona katika kivuli hiki cha awali ni jambo tofauti: rangi ya juu haina uhuru kamili tena. Kijani kinachopulizwa juu ya weusi na kijani kinachopulizwa juu ya weupe hutoka katika kopo moja na kuishia kuwa rangi mbili. Aliyepaka chini ameshaamua sehemu kubwa ya kitakachoonekana juu, na anayepaka juu, hata akiwa ni mtu yule yule wiki moja baadaye, anafanya kazi ndani ya uamuzi huo. Wazazi wanalijua hili, na walimu wa darasa la kwanza wanalijua zaidi. Kinachoulizwa mara chache ni upande wa pili wake: je, tabaka la juu lina deni gani kwa la chini? Lina wajibu wa kuliacha lipumue, au lina haki ya kulifunika lote na kuanza upya?

Haitakuwa haki kuupita upande wa wapinzani, maana katika jambo hili wapo, na wana hoja. Wanasema mbinu hii ilienea kwanza kwa waundaji wa ndege, ambazo kweli zina mabati mengi yaliyounganishwa kwa mistari, na kwamba kifaru ni kitu cha namna nyingine, ni pande zito la chuma lililomiminwa au kuchomelewa. Kukichorea mistari myeusi kila penye maungio, kwa unene uleule, mbele na nyuma, ni kukifanya kionekane kama kimepakwa wanja. Naona wako sahihi pale kazi inapofanywa kwa mazoea. Kivuli kilichowekwa kwa kanuni hakina ukweli kuliko ubapa kilichokuja kuuondoa. Aliyetazama picha za vifaru vya wakati ule, akaona vumbi lilikaa wapi na mafuta yalichuruzika kutoka kifuniko kipi, hatapaka maungio yote sawa. Ataacha bati moja safi kwa sababu mvua ililipiga, na kulitia giza jingine kwa sababu askari walipandia hapo kila siku. Tofauti kati ya wapakaji hawa wawili haiko mkononi, kwa kuwa wote wawili wanaweza kuvuta mstari. Mmoja amejifunza mbinu. Mwingine amekitazama kitu.

Na vifaru vya kweli navyo vilikuwa na praima. Kuanzia Februari 1943 vile vya Ujerumani viliagizwa kutoka kiwandani vikiwa na njano iliyokoza, na wahudumu wake wakapewa makopo ya rangi nzito ya kijani na hudhurungi nyekundu ili wajipakie mabaka wenyewe kulingana na mahali walipopigana. Chini ya njano ile kulikuwa na praima nyekundu ya kuzuia kutu, ambayo hakuna aliyekusudia ionekane. Lakini vita vilipoelekea ukingoni, muda na vifaa vikawa haba, na praima ile yenyewe ikafanywa sehemu ya rangi ya nje, mabaka machache yakirushwa juu yake kabla kifaru hakijapelekwa mbele. Taifa lililojigamba kwa mitambo yake likafika mahali pa kupeleka vitani tabaka lililokusudiwa kufichwa. Wanaounda modeli za miezi ile ya 1945 hulazimika kuipaka praima mara mbili: mara ya kwanza kwa kazi yake, mara ya pili kwa sura yake. Ni lini kuonyesha tabaka la chini ni unyofu, na ni lini ni kufilisika tu?

Sasa niseme linalonisumbua. Vumbi, masizi na uchakavu huu wote unapakwa juu ya kitu ambacho hakijawahi kuteseka. Kifaru cha mezani hakijavuka mto, hakijalala nje, hakijabeba mtu aliyeogopa. Kinavalishwa miaka ambayo hakikuishi, na kinavalishwa kwa uzuri. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili haliko mbali kama linavyoonekana. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walishuka bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua za monsuni, wakielekea Kalewa kwenye mto Chindwin, ambako walifika mwanzoni mwa Desemba. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kambini. Magari yalizama, njia zikayeyuka, malaria ikawashika watu ambao risasi ziliwakosa. Tope lile halikuwa pambo la mtu. Wajukuu wao leo wanaweza kununua kichupa cha rangi iliyotengenezwa maalumu kuiga tope, na kulipaka kwa uangalifu kwenye minyororo ya kifaru, na kulifurahia.

Je, huko ni kuwadhihaki au kuwakumbuka? Sina hakika kwamba jibu ni moja kwa kila mpakaji. Ninachokiamini ni kwamba uangalifu una njia yake ya kumpeleka mtu mahali asikokusudia kwenda. Anayetaka kujua vumbi la Normandy lilikuwa na rangi gani atafungua picha za zamani, na katika picha hizo kuna vifaru, lakini kuna nyuso pia. Anayetaka kujua kwa nini Sherman imechakaa zaidi pembeni mwa kifuniko cha dereva ataishia kujua kuwa hapo ndipo mtu alipoweka mguu wake kila asubuhi akiingia ndani ya chuma hicho. Wells alitumaini kuwa mchezo ungechukua nafasi ya vita, na tumaini lake lilishindwa mwaka mmoja tu baada ya kuchapwa. Labda aliomba mengi mno. Vita vidogo havikuzuia vikubwa, ila vinaweza kumfanya mtu mmoja atazame kwa makini kitu ambacho angekipita kwa shangwe za sinema, na hilo si dogo, ingawa ni dogo kuliko alivyotaka Wells.

Na wala si kwamba mchezo wenyewe unadai bidii hii. Mezani kifaru hutazamwa kwa umbali wa mkono au zaidi, kati ya kete na tepu ya kupimia, na kwa umbali huo kivuli cha awali hakionekani kwa wengi. Wachezaji wenye majeshi makubwa hukiruka, wakapuliza rangi moja na kuimwagia maji ya rangi nyeusi yanayojipenyeza katika mistari, na kwa jioni moja kikosi kizima kiko tayari. Siwalaumu. Mtu mwenye vifaru kumi na mbili na mchezo Jumamosi hana sababu ya kujitesa, na anayemwambia kuwa hapendi kazi yake anajisifu tu. Kwangu mimi kivuli cha awali ni cha kifaru kimoja, kile ambacho mtu amechagua kukitazama kwa muda mrefu. Kukifanya kwa kikosi kizima kwa kuwa ndivyo mabingwa wanavyofanya ni kurudi kwenye yale mazoea ya wanja.

Watu watano walikaa ndani ya kila Sherman: kamanda, mlenga shabaha, mpakiaji wa mzinga, dereva, na msaidizi wake aliyeshika bunduki ya mbele. Anayenunua kifaru hiki leo, awe Nairobi, Muscat au Nottingham, na atafute picha moja ya kweli ya watu hao, ajue kila mmoja aliketi wapi na alitokea kifuniko kipi, kabla hajafungua kopo la kijani.